Kivumbasi, Chetezo na Mapipa: Shajara ya Mradi wa Kujikinga na Dengi, Tanga

Shajara hii ni ya kikundi cha mtaa mmoja wa Tanga mjini. Tunaiandika hatua kwa hatua ili mtaa mwingine ukitaka kuiga usirudie makosa ambayo sisi tumeshayalipia. Bei zote ni za Tanga, mwaka 2024.

10 Februari 2024: Kikao cha kwanza

Homa ya dengi iliikumba Dar es Salaam na Tanga mwaka 2019, na waliothibitishwa nchini walizidi 6,000. Dar ilikuwa imeshaionja mwaka 2014. Hapa mtaani hukosi kusikia habari za mtu aliyelala wiki nzima, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama vimepigwa mchi. Dawa ya kuua kirusi chenyewe hakuna, na chanjo yake haimo kwenye ratiba ya zahanati zetu. Kinachobaki ni kutoumwa na mbu.

Wazo la mimea lilitoka kwa bibi yetu mmoja, mganga wa mitishamba mwenye usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kwa Tanga si ajabu mganga na mtu wa hospitali kukaa jamvi moja. Miaka ya 1990 shirika la Tanga AIDS Working Group lilianza kuwaweka pamoja kuwahudumia wagonjwa wa Ukimwi.

Kikao kilikuwa na kelele. Wengi walitaka kitu cha kunywa. Mwaka 2020, wakati wa Korona, karibu kila nyumba ilikuwa na nyungu yake, na tangu hapo ukitaja mitishamba na virusi mtu anafikiria mvuke na kikombe. Mzee mmoja alikuja kabisa na majani ya mpapai kwenye mfuko. Bibi akamwambia, "Mzee mwenzangu, mpapai ni habari ya mgonjwa, na mgonjwa wa dengi wa kwake ni daktari. Mimi nimekuja kuzungumza habari ya mbu."

Tukaandika kwenye daftari: mradi huu haumpi mtu yeyote kitu cha kunywa. Mimea ni ya kumfukuza mbu, basi. Hilo peke yake lilichukua nusu ya kikao, na watu wawili watatu waliondoka wakinung'unika kwamba kumbe tumewaita kupanda maua.

Mbu mwenyewe, kwa atakayeiga: ni Aedes aegypti, mweusi mwenye mabaka meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na kuanzia alasiri hadi jua kuzama. Anapenda miguu, chini ya meza, na ndani ya nyumba penye kivuli. Haruki mbali, kwa hiyo anayekuuma ni wa kwako au wa jirani. Chandarua cha usiku hakimhusu, ila kwa mtoto mchanga na anayelala mchana.

24 Februari: Miche

Mimea tuliyochagua ni kivumbasi (wengine huita mrumbasha), mrehani, mchaichai na mkaratusi wa limau. Mrehani upo kwenye nyua nyingi, hatukununua. Kivumbasi tulikusanya mbegu vichakani. Mchaichai tulinunua mashina kwa mkulima wa upande wa Amani, tukayagawa na kuyapanda nafasi ya hatua moja: sh 20,000 pamoja na nauli ya gunia. Mkaratusi tulipata miche minne tu, sh 2,000 kila mmoja, na huo ni mti wa kusubiri.

Anayetaka mchaichai wa masika asianze Februari kama sisi. Unahitaji kama miezi minne kabla ya kukata mara ya kwanza. Panda wakati wa vuli.

9 Machi: Vyungu vimegeuka mazalia

Tuliweka vyungu vya kivumbasi na mrehani kwenye baraza na madirishani. Vilipendeza. Akina mama wakaviwekea visahani chini ili maji yasichafue sakafu.

Baada ya wiki mbili bwana afya wa kata alipita, akainamisha kichwa kwenye kisahani kimoja, akatuita. Viluwiluwi walikuwa wanacheza humo. Akazunguka, akaonyesha kingine, na kingine. Yaani mmea wa kumfukuza mbu tulikuwa tumemjengea mbu nyumba chini yake.

Tuliondoa visahani vyote siku ileile. Sasa tunatumia ndoo kuukuu za rangi zilizotobolewa chini, zimekaa juu ya mchanga. Asiyetaka kuacha kisahani anakijaza mchanga hadi juu. Gharama ya marekebisho ni sifuri, aibu tu.

Bwana afya alitueleza jambo jingine ambalo lilibadilisha mradi. Mbu huyu hatagi mayai juu ya maji. Huyagandisha ukutani mwa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Mwenye kumwaga pipa na kulijaza tena ameyanywesha mayai. Lazima kusugua ukuta wa ndani kwa brashi, na kurudia kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu ni siku saba mpaka kumi hivi.

Tukaingia nyumba kwa nyumba. Zaidi ya nusu zilikuwa na kitu: mapipa ya uani, vifuu vya nazi vilivyotupwa nyuma ya jiko, trei ya maji nyuma ya friji, kopo la kutawadhia lililosahaulika, na matairi. Matairi ndiyo balaa. Fundi pancha wa pembeni ya barabara ana rundo refu kuliko yeye, na alituambia wazi kwamba kila tairi lina mwenyewe na kila mwenyewe atarudi. Tulikubaliana ayapange chini ya turubai. Turubai lilikuwa sh 25,000, na tulilinunua sisi.

24 Machi: Moshi, kigae na chetezo

Kabla ya Ramadhani vijana walianza kuchoma kivumbasi kikavu kwenye jiko la mkaa, jioni, ndani ya nyumba. Mbu walitoka. Watu pia walitoka. Mtoto mmoja mwenye pumu alipelekwa zahanati usiku, na tukasimamisha uchomaji wa ndani hapohapo.

Bibi akasema zamani hawakuchoma hivyo, majani mabichi yaliwekwa juu ya kigae chenye moto chini yake, yanatoa harufu bila kuungua. Baadaye tukasoma kwamba watafiti waliokuwa Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, walijaribu jambo lilelile mwanzoni mwa miaka ya 2000. Waliweka majani ya vivumbasi na ya mkaratusi wa limau juu ya bati la moto, wakalinganisha na kuyachoma. Kupasha kulifukuza mbu bila ule moshi mzito. Ila angalia: mbu wao alikuwa wa malaria, wa usiku. Wetu ni wa mchana, na mchana madirisha yako wazi, upepo wa bahari unapita.

Kifaa kilikuwa tayari kwenye kila nyumba: chetezo cha kufukizia ubani. Tunaweka makaa machache, juu yake kipande cha bati kilichotobolewa, juu ya bati majani mabichi ya kivumbasi kiasi cha mkono mmoja. Yakianza kukauka na kubadilika rangi yanaondolewa, yanawekwa mengine. Bati likiwa karibu mno na makaa majani yanaungua na unarudi kwenye moshi. Urefu wa vidole viwili ulitosha. Chetezo kinakaa barazani au mlangoni, upande upepo unakotoka, hakikai chumbani na hakikai mtoto anapoweza kufikia.

Ramadhani imetusaidia. Muda wa kuelekea futari akina mama wako uani wamekaa chini wanapika, miguu wazi, na huo ndio wakati wenyewe wa mbu huyu. Vyetezo vimeshika hapo kuliko tulivyotarajia. Mwenyekiti wa mtaa anasema ni kwa sababu harufu inaficha ya jirani anayekaanga samaki.

14 Aprili, baada ya Idi: Kukeneka mafuta

Chetezo hakitembei na mtu. Mtoto wa madrasa anakaa kwenye mkeka asubuhi na alasiri, mama lishe anasimama mtaani, kinyozi yuko kibandani. Tukaamua kukeneka, yaani kutoa kwa mvuke, mafuta ya mchaichai ya kupaka. Wetu ulikuwa bado mchanga, tukanunua majani kwa mkulima yuleyule.

Mtambo: sufuria kubwa yenye mfuniko unaobana (tuliazima), bomba la shaba mita tatu (sh 36,000), ndoo ya maji baridi, unga wa ngano wa kuziba pembeni mwa mfuniko. Mvuke unapita kwenye bomba lililozungushwa ndani ya ndoo, unageuka maji, mafuta yanaelea juu yake.

Mara ya kwanza tulitia majani ndani ya maji. Ya chini yaligusa sufuria yakaungua, na mafuta yote yakanuka ukoko. Tukatupa. Mara ya pili tuliweka wavu wa chuma juu ya maji, majani yakakaa juu ya wavu, mvuke tu ukayapitia. Hapo yalitoka safi. Kuyaacha majani yanyauke kivulini siku moja kulisaidia pia, maana yanashindiliwa mengi zaidi kwa mkupuo mmoja.

Usitarajie wingi. Kilo kumi za majani mabichi hutoa mililita 20 hadi 50 tu, na sisi tulikuwa karibu na 20. Ukijumlisha majani, mkaa na nauli, kila mililita ilitugharimu kama sh 1,000. Ndiyo maana mafuta haya hayapakwi hivihivi, yanachanganywa. Na hata yangekuwa rahisi yasingepakwa hivihivi, kwa sababu yakiwa makali yanachoma ngozi.

Tulihifadhi kwenye chupa ya plastiki ya maji. Baada ya siku chache plastiki ilikuwa imelainika na kunata. Tangu hapo ni chupa za kioo za dawa ya kikohozi, zimeoshwa na kuchemshwa, zinakaa gizani. Maji yenye harufu yanayobaki chini ya mafuta tunadekia sakafu.

5 Mei: Mabaka

Wiki hii redio zote zilikuwa kimbunga Hidaya. Shughuli za kikundi zilisimama, na mapipa yaliyokuwa yamefunikwa yakafunuliwa ili kukinga mvua. Lakini tatizo kubwa lilikuwa la ngozi.

Kundi moja la vijana lilitengeneza mchanganyiko wao: mafuta ya nazi, mchaichai, na maji ya ndimu pamoja na ya maganda yaliyokamuliwa, "harufu iongezeke". Waliupaka mikononi na shingoni, wakaenda ufukweni kubeba mchanga. Kesho yake ngozi ilikuwa nyekundu, wengine wana malengelenge, halafu yakaja mabaka meusi yenye umbo la mchirizi, pale mafuta yalipochuruzika. Mtaani ikavuma kwamba kikundi kinawachuna watu.

Hospitali ilieleza kwamba ndimu ina kemikali ambazo zikiwa kwenye ngozi na jua likapiga, huunguza. Mabaka yataondoka yenyewe lakini kwa wiki nyingi au miezi. Si mzio, na angeweza kupata yeyote. Kwa hiyo ndimu, limau na jamii yake yote haziingii kwenye mafuta ya kupaka. Mkaratusi wa limau ni mti mwingine kabisa, jina tu limewakutanisha.

Tuliweka kanuni tatu na zimebaki. Mchanganyiko unatengenezwa mahali pamoja, na watu wawili, kwa kipimo kilichoandikwa. Kila anayepewa anapaka kidogo ndani ya kiwiko, anasubiri siku nzima. Watoto wa chini ya miaka mitatu hawapakwi: wao wanavalishwa mikono mirefu na wakilala mchana wanawekwa ndani ya chandarua.

1 Juni: Nta

Mafuta ya nazi peke yake yalikuwa yanachuruzika, na harufu ya mchaichai ikiisha ndani ya saa moja. Tulihitaji kitu cha kuishika. Nta ya nyuki kutoka Handeni, kilo moja sh 15,000, ilitatua.

Kipimo cha kwanza, nta sehemu moja kwa mafuta ya nazi kumi, kilikuwa laini mno. Kwa joto la Tanga kopo likiachwa dirishani linageuka supu. Moja kwa tatu kikawa kigumu kama mshumaa. Tumetulia kwenye moja kwa tano. Nta inayeyushwa ndani ya bakuli lililo juu ya maji yanayochemka, mafuta ya nazi yanaingizwa, jiko linazimwa, na mafuta ya mchaichai yanatiwa mwisho kabisa mchanganyiko ukiwa vuguvugu. Ukitia kwenye moto umepika harufu ikaenda zake, nasi tulipoteza kopo zima hivyo. Kiasi ni mililita mbili za mchaichai kwa mililita mia za mchanganyiko.

Hata hivyo inapakwa tena kila baada ya saa moja na nusu. Anayeambiwa ipake asubuhi ikutoshe hadi jioni anadanganywa.

29 Juni: Tunapima vipi?

Vijana walikuwa wanapima kwa kukaa uani, mguu mmoja umepakwa na mwingine haukupakwa, wanahesabu mbu wanaotua. Bwana afya alikuja juu: kwenye mji wenye dengi huwezi kumtoa mtu chambo. Alikuwa na haki.

Akatufundisha mtego wa mayai. Kopo la maziwa linapakwa rangi nyeusi, linatiwa maji nusu, ndani kinaning'inizwa kipande cha kitambaa cheupe kigumu. Mbu hutaga kwenye kitambaa, mayai yanaonekana kama punje za unga wa mkaa. Kila Jumamosi kitambaa kinatolewa, mayai yanahesabiwa kwa lenzi ya kukuzia, kinatiwa maji ya moto, na kopo linasuguliwa. Likipitwa na wiki hilo nalo ni zalio, kwa hiyo kila kopo lina mtu wake kwa jina kwenye daftari.

Tumeyagawa kwa nyumba za aina mbili. Upande mmoja ni zenye vyungu, chetezo na mafuta ya kupaka tu, upande wa pili ni zenye hayo pamoja na mapipa yaliyofunikwa na kusuguliwa.

20 Julai: Makopo yalivyosema

Kwenye nyumba za mimea tu, mayai hayakupungua. Kwenye nyumba zilizofunika na kusugua yalipungua waziwazi, isipokuwa zile zinazopakana na fundi pancha, kwa sababu turubai lilikuwa limehamishwa kuezekea kibanda cha chipsi.

Wengine walivunjika moyo, lakini ukifikiri ndivyo inavyopaswa kuwa. Harufu ya kivumbasi inamvuruga mbu asikuone, haimuui wala haimzuii kutaga. Asiyekuuma wewe anamtafuta jirani asiyepaka. Na ukweli wa pili ni kwamba kama si mimea tusingeingia kwenye nyua za watu. Kampeni za kufukia mazalia zimeshapita hapa mara nyingi na kipaza sauti, watu wakafunga milango. Safari hii mtu anafungua kwa sababu unamletea kivumbasi, na ukiwa ndani unaomba kulichungulia pipa. Kwa hiyo tumegeuza utaratibu: kopo la mafuta ya kupaka linatolewa kwa nyumba ambayo pipa lake lina mfuniko au chandarua kuukuu kilichofungwa kwa mpira wa tyubu. Pipa wazi, hupati.

Mmoja alipendekeza kutia mbegu za mwarobaini zilizotwangwa kwenye mapipa, maana huzuia viluwiluwi kukua. Tulikataa. Maji hayo watu wanayanywa.

Madrasa ndiyo iliyofanya vizuri kuliko wote. Ustadhi amehamisha mikeka kutoka chini ya mwembe, kuna vyetezo viwili upande wa upepo, watoto wamevaa kanzu na suruali ndefu na soksi, na Alhamisi ni siku ya kusugua birika na mapipa ya udhu. Sasa wazazi wanamlalamikia yeye soksi zinavyopotea.

17 Agosti: Karatasi za kopo

Duka moja lilitaka kuuza mafuta yetu, na tayari limeandika kwenye ubao "DAWA YA DENGI". Tulikwenda kulifuta wenyewe. Sheria Na. 23 ya 2002 ya tiba asili na tiba mbadala inataka dawa isajiliwe kabla ya kuuzwa, na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Mratibu wa tiba asili wa halmashauri alitupa orodha ya hatua na ada, na kwa sasa hatuziwezi. Hatuuzi. Tunagawa ndani ya kikundi, na karatasi ya kopo inasema: "Mafuta ya kupaka yenye mchaichai. Hayatibu homa. Paka upya kila saa moja na nusu."

Nyuma yake tumechapa maneno ya muuguzi wa zahanati. Homa ya ghafla, nenda ukapime. Wakati unasubiri, parasetamo kwa kipimo chake na maji mengi. Usimeze diklofenaki, aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, au ukiona damu kwenye fizi au puani, rudi hospitali hata kama homa imeshuka, maana hatari mara nyingi huja homa ikiwa inashuka. Bibi aliongeza mstari wake: anayetumia dozi kubwa za tangawizi au vitunguu saumu amwambie daktari.

14 Septemba: Hesabu, na kabla ya vuli

Matumizi hadi leo: mashina na miche sh 28,000, turubai 25,000, bomba la shaba 36,000, wavu na bati 14,000, majani ya mchaichai, mkaa na nauli 97,000, nta 30,000, mafuta ya nazi 64,000, makopo na chupa 40,000, rangi nyeusi na lenzi 21,000, karatasi 18,000. Jumla sh 373,000. Iliyopotea kwa majaribio yaliyoharibika ni kama robo. Nyingi ilitoka kwenye mfuko wa jamii wa VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa.

Mchaichai wetu umekatwa mara ya kwanza na umechipua tena, kwa hiyo gharama ya majani itashuka. Mkaratusi miche miwili imekufa, mbuzi wamehusika. Mvua za vuli zikianza Oktoba, makopo meusi yanarudi uani kila nyumba, na fundi pancha ameahidiwa turubai jipya lenye matundu ya kufungia kamba, ili safari hii lifungwe kwenye nguzo zake.